Jina la Dikeledi

Dikeledi ni jina la wasichana wa Kitswana, na maana yake ni machozi. Msomaji aisikiaye maana hii kwa mara ya kwanza aghalabu hushtuka. Hujiuliza ni mzazi gani awezaye kumtazama mtoto mchanga, aliyetoka tumboni juzi, akamwita Machozi, ilhali majina ya heri yamejaa tele katika lugha ile ile na hayauzwi kwa fedha. Mshtuko huo wastahili kuchunguzwa, maana ndani yake imo hukumu. Tumekwisha kukata shauri, kabla ya kuuliza lolote, kwamba jina ni ama dua ama laana, na kwamba mama aliyechagua jina la huzuni amemwapiza mwanawe. Nataka kuonyesha kwamba hukumu hiyo si ya haki, na shahidi wangu mkubwa ni Bessie Head, mwandishi aliyeishi miongoni mwa Watswana na kulitumia jina hilo mara mbili katika vitabu vyake.

Yafaa kwanza tulijue neno lenyewe. Kitswana ni lugha ya Kibantu, ndugu ya Kiswahili aliyehamia mbali. Husemwa katika Botswana, na wasemaji wake walio katika Afrika Kusini ni wengi kuliko wale wa Botswana yenyewe. Mwenye sikio la kusikiliza hawezi kukosa kuutambua udugu huo. Sisi twasema mtu na watu, wao husema motho na batho. Mwana wetu ni ngwana wao, mvua yetu ni pula yao, na jina kwao ni leina, majina ni maina. Chozi moja huitwa keledi, na machozi ni dikeledi. Kwa hiyo jina hili liko katika wingi, na jambo hilo si dogo: halisemi juu ya chozi lililodondoka likafutwa kwa ncha ya kidole, bali juu ya kilio kizima. Basotho na Bapedi, walio jirani na Watswana kwa nchi na kwa lugha, nao wanalo jina hili. Katika Lesotho huandikwa Likeleli, walakini kinywani sauti zake hukaribiana sana na za Kitswana.

Watswana hawana ghala ya majina iliyotengwa mbali na maneno ya kila siku. Jina kwao ni neno lile lile litumikalo jikoni, malishoni na barazani, ila limekabidhiwa mtu alichukue maisha yake yote. Lorato ni pendo. Boitumelo ni furaha, Naledi ni nyota, Tshepo ni tumaini. Mpho ni zawadi, na ndani ya neno hilo kitenzi chetu cha kupa kimo, kimejificha kama mbegu ndani ya kokwa. Msomaji wa pwani hatashangaa, kwani sisi nasi tunao akina Pendo, Furaha, Tumaini na Zawadi. Lakini Watswana huenda mbele zaidi wakafanya sentensi nzima kuwa jina. Kelebogile maana yake ni nimeshukuru. Keabetswe maana yake ni nimegawiwa, yaani nimepewa fungu langu.

Hapa nawaomba vijana wasimame kidogo na kuuliza swali ambalo mwalimu wa sarufi angeuliza. Msichana anaitwa Nimeshukuru. Ni nani aliyeshukuru? Hakika si mtoto, maana siku alipopewa jina hakujua kushukuru wala kulalamika. Alijua kunyonya tu na kulala. Nafsi ya kwanza iliyo ndani ya jina lile ni mzazi. Mtoto anachukua sentensi ambayo mtendaji wake ni mtu mwingine, na kila aitwapo, shukrani ya mama yake au ya bibi yake husikika tena. Majina ya namna hii hayamwelezi aliyeitwa, yamweleza aliyeita. Twende na kipimo hicho hicho kwa Dikeledi, tuulize: machozi haya ni ya nani? Jibu liko wazi, nalo labadili kila kitu. Machozi si ya mtoto. Ni ya yule aliyekuwa akilia mtoto alipofika.

Kwa desturi jina la Dikeledi hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa msiba, baba amekufa, au bibi, au ndugu aliyemtangulia. Kuna majina mengine yaliyo jirani nalo. Kgomotso ni faraja, na mara nyingi huwa mtoto aliyekuja baada ya kifo kuwatuliza waliobaki. Lipo na jina la Matlakala, yaani takataka, ambalo wazazi waliofiwa na watoto mmoja baada ya mmoja humpa anayefuata, kana kwamba wanamwambia mauti apite zake, hapa hapana kitu cha thamani. Wengine huyachanganya majina haya yote kuwa aina moja na kuyaita majina mabaya. Mimi nayaona mbali mbali. Matlakala ni hila: jina lasema uongo ili mtoto apone. Dikeledi halina hila hata kidogo. Halimdanganyi mauti wala halimwombi neno. Lasema tu yaliyokuwapo nyumbani siku ile.

Na jina laweza kusema yaliyokuwapo hata katika mambo makubwa ya nchi. Katika mwaka wa 1921, huko Serowe, mji mkuu wa Bangwato, alizaliwa mtoto wa kiume katika nyumba ya kifalme. Babu yake, Khama wa Tatu, na baba yake, Sekgoma, walikuwa wamekosana kwa miaka mingi na ndipo tu walipopatana. Mtoto akaitwa Seretse, yaani udongo ushikamanishao. Huyo ndiye Seretse Khama, aliyekuwa rais wa kwanza wa Botswana siku ya uhuru, tarehe 30 Septemba 1966. Wanaosimulia habari zake hupenda kusema kwamba jina lilitabiri kazi yake ya kuwaunganisha watu. Usemi huo wapendeza, lakini wageuza mambo kichwa chini. Waliomwita Seretse hawakuwa wakitazama mbele miaka 45. Walikuwa wakitazama nyuma, kwenye ugomvi uliokwisha. Jina la mfalme na jina la yatima yametungwa kwa kanuni moja.

Kwetu Kenya kanuni hiyo si ngeni. Wajaluo humwita Akoth msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na katika Wabukusu yuko Nafula wa majira ya mvua. Wajaluo hao hao wana jina ambalo ni dada halisi wa Dikeledi, nalo ni Achola, la msichana aliyezaliwa baba yake akiwa amekwisha kufa, au nyumba ikiwa katika matanga. Mvulana huitwa Ochola. Waswahili nao wana Tabu, Shida na Mashaka. Agikuyu hufuata njia nyingine, maana binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na hivyo jina huhifadhi kumbukumbu ya mtu. Dikeledi na Achola huhifadhi kumbukumbu ya siku. Njia zote mbili ni za watu wasiotaka kitu chao kipotee.

Sasa tuwasikilize wapinzani, kwa kuwa hawana uchache wa hoja. Watswana wenyewe wana methali isemayo: Ina lebe seromo. Maana yake ni kwamba jina baya ni ndege mbaya. Amwitaye mtoto kwa jina la huzuni amemwitia huzuni. Kwa methali hii wapo wasomaji waliosoma hadithi za Bessie Head wakasema: basi, mambo yameonekana! Mwandishi kamwita mwanamke Machozi, na mwanamke kaishia kulia. Hata darasani nimesikia fikira hiyo ikitolewa kwa ujasiri mkubwa, nayo ina ladha ya werevu. Walakini methali ni ushahidi kwamba watu walilifikiri jambo. Si ushahidi kwamba walikubaliana juu yake. Lau Watswana wote wangaliamini kwamba jina la machozi huleta machozi, jina la Dikeledi lingalikwisha kufa zamani, kwa maana hakuna mama apendaye kumtega mwanawe. Halikufa. Limeendelea kizazi baada ya kizazi, na waliolitoa walikuwa wakiijua methali ile vizuri kuliko sisi.

Zaidi ya hayo, vitabu vyenyewe havikubaliani na wapinzani wetu, na hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoanza.

Bessie Head alizaliwa mwaka wa 1937 katika Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Mwaka wa 1964 aliihama nchi hiyo iliyotawaliwa kwa ubaguzi wa rangi, akaenda Serowe kufundisha. Huko aliishi na kuandika mpaka alipofariki mwaka wa 1986. Riwaya yake iitwayo Maru ilitoka mwaka wa 1971. Maru ni jina la mwanamume wa jamaa ya kitawala, na maana yake ni mawingu. Dada yake ndiye Dikeledi. Kaka ni Mawingu na dada ni Machozi: katika nchi kavu kama Botswana, ambako hata fedha ya watu, tangu mwaka wa 1976, yaitwa pula, vitu viwili vyenye maji ndani yake si vitu vya kudharau.

Dikeledi huyu wa kwanza si mtu wa kulialia hata kidogo. Ni mwalimu, binti wa ukoo mkubwa, mkali wa macho na wa maneno. Katika kijiji cha Dilepe, ambako matajiri waliwatumikisha Wasarwa kama watumwa, yeye aliwapa mshahara wale waliokuwa katika nyumba yake. Siku moja wanafunzi, kwa uchochezi wa wakubwa, walipomdhihaki mwalimu mgeni kwa kuwa alikuwa Msarwa, Dikeledi ndiye aliyeingia darasani kwa hasira na kuikata dhihaka ile. Mwenye kusema kwamba jina humwongoza mtu na atuonyeshe machozi yalimwongoza wapi mwanamke huyu. Ni kweli kwamba moyo wake uliumia kwa mapenzi. Lakini katika riwaya ile hakuna aliyependa asiumie, na wengine hawakuitwa Machozi.

Tena, riwaya hiyo yatuonyesha kwa upande wa pili ni jina la namna gani lililo mzigo kweli. Mwalimu mgeni anaitwa Margaret Cadmore. Mama yake, mwanamke wa Kisarwa, alikufa njiani katika kumzaa, na mke wa mmisionari mmoja Mwingereza akamchukua mtoto, akamlea, akamsomesha, na kumpa jina lake mwenyewe, la kwanza na la pili. Jina hilo lina sauti ya heshima. Halina machozi wala takataka. Hata hivyo halisemi neno moja juu ya mwanamke aliyekufa kando ya njia. Watu walisikiapo hudhani mwenye jina ni chotara, na msichana angaliweza kujificha nyuma ya dhana hiyo maisha yake yote. Bali alipoulizwa alijibu wazi kwamba yeye ni Msarwa. Najua wapo watakaomtetea mama mlezi, na kwa malezi na elimu anastahili kutetewa. Kwa jina, hapana. Kama msichana yule angaliitwa Dikeledi angalau pangalikuwa na alama moja duniani ya kuonyesha kwamba mama yake alikufa na kwamba palistahili kuliwa.

Kitabu chenyewe hutumia neno la Masarwa, kwa kuwa ndivyo watu walivyosema wakati huo. Siku hizi husemwa Basarwa. Tofauti ni silabi moja tu, lakini ile ba- ni ile wa- yetu ya watu, nayo ma- hutumika Kitswana kwa wageni na wanaodharauliwa. Wale wasemao kwamba jina ni jina tu, halina uzito, na waipime silabi hiyo.

Inawezekana kwamba Bessie Head alikuwa na sikio jepesi kwa mambo haya kwa sababu ya jina lake mwenyewe. Mama yake alikuwa mwanamke mweupe, baba yake mtu mweusi, na mtoto alizaliwa mama akiwa amewekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hawakuachwa pamoja. Mama alifariki mwaka wa 1943, mtoto akiwa na umri wa miaka 6. Alichopata mtoto kutoka kwa mama huyo kilikuwa jina, Bessie Amelia, kwani mama naye aliitwa hivyo hivyo. Sikumbushi habari hii ili tuwaonee huruma. Naikumbusha kwa sababu ile miaka 6 tutakutana nayo tena.

Kitabu cha hadithi fupi kiitwacho The Collector of Treasures, yaani Mkusanya Hazina, kilitoka mwaka wa 1977. Hadithi iliyokipa jina yaanza katika gari la polisi. Mwanamke aitwaye Dikeledi Mokopi anatolewa kijiji cha Puleng, anapelekwa gerezani kutumikia kifungo cha maisha, kwa kuwa amemwua mumewe. Gerezani anawakuta wanawake 4 wenye kosa kama lake. Mmoja wao, Kebonye, ambaye jina lake lina maana ya nimeona, anazungumza naye, na neno la kwanza lenye uzito kati yao ni la majina. Kwa nini aitwe Machozi? Dikeledi anajibu kwa maneno machache, bila kujililia: baba yake alifariki wakati alipozaliwa, na machozi ni ya mama yake. Kisha anaongeza kwamba mama naye alifariki miaka 6 baadaye, naye akalelewa na ndugu wa wazazi wake.

Tulitazame vizuri jibu hilo, kwani ndani yake mwandishi ametupa ufunguo. Dikeledi hasemi, niliitwa hivi kwa kuwa nilikuwa na bahati mbaya. Hasemi, jina hili limenifuata mpaka hapa. Anayagawa machozi kwa mwenyewe: ni ya mama. Mwanamke yuko gerezani, amehukumiwa, amenyang'anywa kila kitu, lakini juu ya jina lake hana kinyongo. Amelihifadhi kama barua fupi kutoka kwa mtu asiyeweza kuandika nyingine. Kama mtoto wa miaka 6 alisahau sura ya mama yake, na watoto wa umri huo husahau, jina lilibaki.

Baada ya hapo mwandishi anaturudisha nyuma kutueleza maisha ya Dikeledi, na hapo wapinzani hupata nguvu, maana maisha hayo ni ya dhiki. Alilelewa bila mapenzi na bila elimu. Aliolewa na Garesego Mokopi, akazaa naye wana watatu, na mume akamwacha akaenda kwa wanawake wengine katika kijiji kile kile, asitoe hata senti kwa watoto. Lakini jambo la ajabu kwa hadithi fupi ni hili: mwandishi anakatiza kisa chake na kutoa maelezo marefu ya historia. Anasema jinsi mila za zamani zilivyomweka mwanamke chini ya mwanamume. Jinsi wakati wa ukoloni ulivyowatoa wanaume majumbani kwenda kuchimba madini Afrika Kusini na kuivunja familia. Na jinsi uhuru ulivyomwongezea mtu kama Garesego mshahara bila kumwongezea utu. Wahakiki wengine wameyaona maelezo hayo kuwa dosari, kwamba hotuba imeingia mahali pa hadithi. Mimi nayaona kuwa jibu. Mwandishi ambaye angetaka tuamini kwamba Machozi aliangamizwa na jina lake hangekuwa na haja ya kutaja migodi, mishahara na sheria za mababu. Ametaja sababu zenye anwani. Mateso ya Dikeledi yalitoka kwa watu, na watu hao wangeweza kutenda vinginevyo. Ndiyo maana kandoni mwa Garesego amewekwa jirani, Paul Thebolo, mwalimu mkuu, mume mwema wa Kenalepe, ili tuone kwamba katika kijiji kimoja, chini ya jua moja, mwanamume wa namna nyingine alikuwapo.

Tena tutazame mwandishi anamsifu Dikeledi kwa nini. Si kwa subira ya kulia, bali kwa mikono. Mikono yake hushona, hufuma, husuka, na huezeka nyumba kwa nyasi, na wanakijiji wanamjua kwa mapaa yasiyovuja. Hapo nadhani Bessie Head alicheka peke yake alipokuwa akiandika. Puleng maana yake ni mvuani. Ile -ng mwishoni ni ndugu wa -ni yetu ya mahali. Mwanamke aitwaye Machozi anakaa katika kijiji kiitwacho Mvuani, na sifa yake ni kwamba chini ya paa lake maji hayapiti. Maji yote ya majina hayo yamezuiliwa na kazi ya mikono miwili. Msomaji asiyejua Kitswana hupita hapo bila kuona kitu, nami namwonea huruma, maana hadithi imeandikwa kwa Kiingereza lakini tabasamu lake liko katika Kitswana.

Kuhusu kosa lake sitasema mengi, wala sitalifanya kuwa dogo. Mwana wa kwanza, Banabothe, alifaulu vizuri mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mama alikuwa amekusanya sehemu kubwa ya karo ya sekondari kwa sindano yake, akapungukiwa na kiasi kidogo, akamwendea baba wa mtoto. Garesego alimtukana, akamsingizia uzinzi na jirani, kisha akatuma habari kwamba atarudi kulala nyumbani, aandaliwe maji na chakula. Aliporudi na kulala, Dikeledi alimwua kwa kisu. Mwandishi hatuambii kwamba ni haki, wala hatupi nafasi ya kusema kwamba hatukuelewa. Lakini hata hapo jina halina kazi. Mtu aliyeshika kisu si mtu aliyekuwa akitimiza utabiri wa siku ya kuzaliwa. Ni mama aliyeuona mlango wa shule ukifungwa mbele ya mwanawe na mtu aliyepaswa kuufungua.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ya jambo litokealo shuleni kwetu. Wapo wanafunzi waitwao Achola, Tabu au Mashaka ambao huchekwa na wenzao, wakaona haya, na katika daftari wakaandika jina la ubatizo peke yake. Kila mtu ana hiari juu ya jina lake, nami simlaumu abadilishaye. Ila wanaocheka hawajui wanachocheka. Wanadhani wanamcheka msichana aliye mbele yao, kumbe wanamcheka mjane aliyekaa na kitoto kichanga mapajani, matanga hayajaanuliwa, akatafuta neno moja la kuyahifadhi yote yaliyompata.

Limebaki jambo moja katika hadithi, nalo ni la majina pia. Katika nchi ya Watswana, kama katika sehemu nyingi za kwetu, mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, na neno la Mma, yaani mama, hutangulizwa mbele yake. Jina alilopewa na wazazi halifutwi; latulia chini, na la pili lakaa juu. Sasa, kwa kuwa mwandishi ameanza na gereza na kurudi nyuma, hadithi inafungwa katika usiku ule wa kisu. Jirani anaingia uani. Paul Thebolo anaona lililotokea, na kwa muda hawezi kusema. Anapopata sauti anamwambia mama yule asiwe na wasiwasi juu ya watoto, kwamba atawachukua wawe wake na kuwasomesha wote mpaka sekondari. Na anapoyasema hayo hamwiti Dikeledi. Anamwita Mma-Banabothe.